Jibondo: Akiba ya chakula huanzia mekoni

Anayetaka kujua kwa nini mlo wa Jibondo ni ghali asianzie dukani, aanzie ufukoni chombo kinaposhusha mzigo. Sembe, mchele, sukari, mafuta ya kula, vitunguu, mkaa: ukiondoa samaki, karibu kila kinachoingia sufuriani kimepanda mashua kabla ya kumfikia mpishi. Kisiwa hiki kidogo, kusini mwa kisiwa kikubwa cha Mafia, kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Udongo wake ni haba, na wenyeji wake wamejipatia jina pwani nzima kwa kuunda majahazi na kwa uvuvi, si kwa jembe. Bahari huwapa kitoweo. Cha kulia kitoweo hicho lazima kivushwe.

Mfuko wa unga unaotoka bara huanza safari yake bandari ya Nyamisati, ukavuka hadi Kilindoni kwenye kisiwa kikubwa, ukapanda gari, kisha ukapanda chombo kingine. Kila kituo kina nauli na mchukuzi wake. Kusi linapovuma na bahari kuchafuka, safari hupungua, na mwenye duka akibakiwa na mifuko miwili, mnunuzi hana pa kubishania bei.

Maji nayo yana habari yake. Kwa vizazi, watu wa Jibondo wamekinga mvua kwenye mabirika na kuvusha madumu kwa mashua kutoka kisiwa kikubwa, kwa kuwa kisiwa chenyewe hakina maji baridi ya kutegemewa. Kuni si za bure pia. Jibondo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, na mikoko ni msitu unaolindwa kisheria. Kuikata kunataka kibali.

Kwa hiyo sufuria ya maharage inapotokota saa mbili bila mfuniko, hewani hupanda vitu viwili vilivyonunuliwa na kubebwa: moto na maji. Hapo ndipo swali la makala haya linapozaliwa. Mwenye shilingi chache akiziweka kwenye kifaa kidogo cha jikoni, zitarudi? Kipi kinarudisha fedha, na kipi ni pambo la kabatini?

Mianya mitatu

Fundi wa Jibondo hashushi jahazi majini kabla halijatiwa kalafati: pamba iliyolowa mafuta hushindiliwa kwenye kila mwanya kati ya ubao na ubao. Bajeti ya chakula inataka mkono wa namna hiyo. Fedha za jikoni huvujia mahali patatu: kwenye moto unaopasha upepo badala ya sufuria, kwenye maji yanayogeuka mvuke, na kwenye chakula kinachochacha kabla ya kuliwa. Kila kifaa kinachouzwa kwa maneno matamu kiulizwe swali moja: kinaziba mwanya upi?

Tuanze na maji, maana hesabu yake wengi hawaijui. Kupasha lita moja ya maji kutoka joto la kawaida la pwani, nyuzi 28 hivi, hadi kuchemka kwenye nyuzi 100, kunakula kiasi fulani cha moto. Lita hiyo hiyo ukiiacha ichemke hadi ikauke yote, inakula moto zaidi ya mara saba ya ule wa kwanza. Maana yake ni kwamba mpishi anayeacha sufuria wazi halipii kuivisha chakula. Analipia kutengeneza mvuke. Kisha anaongeza maji mengine ya dumu, na moto unaanza upya kuyapasha.

La pili ni kwamba maji yanayofoka na maji yanayochemka taratibu yana joto lile lile. Kuchochea mkaa hadi sufuria irushe povu hakuwahishi maharage hata kidogo. Yakishachemka, moto mdogo na mfuniko vinatosha.

Vya bei ndogo kuliko vyote

Kwa hesabu hiyo, kifaa cha kwanza cha kubana matumizi Jibondo si cha umeme wala hakina kitufe. Ni mfuniko unaokaa sawasawa. Sufuria nyingi za majumbani zimepoteza mifuniko yake ya asili, na badala yake hufunikwa kwa sinia, sahani au bati lililopinda. Mvuke unatoka pembeni. Mfuniko mzito wa saizi yake bei yake ni ndogo, na kazi yake inaanza siku hiyo hiyo.

Cha pili ni chupa ya chai. Wengi wanayo, lakini huitumia kwa chai ya asubuhi na kwa wageni tu. Chupa nzuri hutunza maji ya moto tangu usiku hadi alfajiri, na faida yake huonekana zaidi mwezi wa Ramadhani. Familia inayochemsha maji mara moja baada ya futari, wakati jiko bado lina makaa, ikayatia chupani, haiwashi moto mwingine kwa ajili ya chai ya daku. Chupa yenye mdomo mpana inafanya zaidi ya hapo: uji uliokwisha kuchemka ukimiminwa humo hubaki wa moto, tena ukazidi kulainika, bila punje ya mkaa.

Hotpoti ni ndugu wa chupa. Wali wa mchana ukihifadhiwa vizuri humo, anayechelewa baharini atakula cha moto bila jiko kukokwa upya. Ila hapa kuna mpaka. Chakula kiingie hotpoti kikiwa cha moto hasa, kiliwe ndani ya saa chache, na kisichoharakiwa kuliwa kipoozwe na kufunikwa badala ya kuachwa vuguvugu. Uvuguvugu ndio vijidudu vya wali huupenda, na dawa ya tumbo ni ghali kuliko mkaa uliookolewa.

Na tusidharau mbuzi. Mafia ni kisiwa cha minazi, na nazi ndiyo roho ya mboga zake. Mbuzi ya nazi haili umeme, haitaki kipuri, na chuma chake kikipoteza meno hunolewa kwa tupa. Blenda hulainisha nazi upesi, ni kweli, lakini nazi lazima kwanza itolewe kwenye kifuu na kukatwakatwa. Kwa nazi mbili za siku, mbuzi na chujio vinaishinda kwa gharama. Mambo hubadilika kwa mama anayeuza vitumbua na kusaga mchele uliorowekwa kila siku. Kwake blenda ni chombo cha kazi, na ihesabiwe kama mtaji wa biashara, si kama akiba ya nyumbani.

Jiko lenye udongo ndani

Jiko la kawaida la bati huunguza mkono wa mpishi kwa ubavu wake, na joto hilo limelipiwa. Sehemu kubwa ya nguvu ya mkaa huishia pembeni na chini, sehemu ndogo ndiyo hufika sufuriani. Jiko banifu lina kikombe cha udongo wa kufinyanga ndani ya ganda la bati. Udongo hushika joto, hulielekeza juu, na mlango mdogo wa chini humpa mpishi mamlaka juu ya hewa: ukifunguliwa moto unapanda, ukifungwa unatulia.

Aina hii ilienea Afrika Mashariki kuanzia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi wa huko walipochukua wazo la majiko ya ndoo ya Thailand na kulifanyia kazi katika karakana za jua kali. Nchini Tanzania majiko ya jinsi hiyo yamesambazwa na mafundi wengi, na miongoni mwa waliolishughulikia jambo hili kwa miaka mingi ni TaTEDO, asasi ya nishati iliyoanzishwa mwaka 1990. Jiko likiwa limetengenezwa vizuri na likitumiwa ipasavyo, upungufu wa mkaa wa theluthi moja ni jambo la kutarajiwa, na wapo wanaofika nusu.

"Likitumiwa ipasavyo" ndilo neno zito hapo. Jiko banifu likijazwa mkaa hadi pomoni na mlango ukaachwa wazi, linakula kama la bati. Kikombe cha udongo kikimwagiwa maji kuzima makaa, hupasuka. Makaa yaliyobaki yafunikwe kwenye chombo cha bati yafe yenyewe. Kesho yatawaka tena. Na jiko la mkaa, banifu au la, lisiingizwe chumbani kwa sababu ya mvua na milango kufungwa, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Kapu linalopika bila moto

Kuna kifaa kingine ambacho Jibondo wanaweza kukitengeneza wenyewe bila kusubiri mashua. Ni kapu la kupikia. Sufuria ikishachemka kwa nguvu, huondolewa motoni ikiwa na mfuniko wake na kuzamishwa ndani ya kapu lililosheheni vitu vinavyozuia joto kutoka: vitambaa vikuukuu, sufi, pamba, magodoro yaliyokatwakatwa. Juu huwekwa mto. Joto lililomo ndani ya chakula huendelea kukipika lenyewe.

Ufundi huu ni wa zamani. Ulaya nyakati za vita walitumia sanduku lililojazwa nyasi kavu. Mwaka 2008, Afrika Kusini ilipokuwa ikisumbuliwa na mgawo wa umeme, Sarah Collins aliugeuza kuwa mfuko wa kitambaa unaoitwa Wonderbag. Lakini hakuna sababu ya kununua mfuko wa kiwandani katika pwani ambayo wanawake wake husuka ukili tangu utotoni. Pakacha au kapu kubwa la ukili, mto wa sufi na kanga mbili zilizochakaa vinatosha kuanzia.

Wali unakubali kapu vizuri sana: ukichemka na maji yakianza kupungua, huingia humo na kukauka wenyewe bila kuungua chini. Mihogo, viazi, kunde na choroko nazo zinakubali. Maharage yanataka masharti mawili. Kwanza yarowekwe usiku kucha na maji yale yamwagwe. Kwa kisiwa chenye dhiki ya maji, yanaweza kunyweshwa mche wa mpapai. Pili, kabla ya kuingia kapuni yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayoondolewa na mchemko mkali tu; joto la kiasi haliiondoi. Yakitoka kapuni baada ya saa kadhaa, yachemshwe tena kabla ya kuungwa.

Pweza na sufuria ya presha

Kama kuna kitoweo kinachoamua hadhi ya kifaa Jibondo, ni pweza. Maji yakitoka sana wakati wa bamvua, miamba hubaki wazi, na wanawake huteremka kwa miguu kumsaka mapangoni mwake, huku wanaume wakizamia palipo na kina. Nyama yake ni ya thamani na tamu, lakini ni ngumu. Ndiyo maana hupigwa na kusuguliwa kabla ya kupikwa, na bado kwenye sufuria ya kawaida anaweza kukaa motoni saa nzima na zaidi.

Sufuria ya presha ina asili ya karne ya 17: Mfaransa Denis Papin aliionyesha mwaka 1679. Siri yake ni kwamba mvuke ukizuiwa kutoka, maji huacha kuchemkia nyuzi 100 na kupanda hadi nyuzi 115 au hata 120. Kwa joto hilo nyama ngumu na nafaka kavu husalimu amri haraka, na karibu maji yote hubaki ndani.

Upishi wenyewe uko hivi. Pweza huoshwa, hutolewa uchafu wa kichwani na kukatwa vipande. Huwekwa sufuriani na tangawizi, kitunguu swaumu na ndimu, bila chumvi, kwa kuwa ana chumvi yake. Maji ni glasi moja tu, mengine atayatoa mwenyewe. Mfuniko unafungwa, jiko linakolezwa, na valvu ikianza kupiga mluzi mlango wa jiko hufungwa nusu ili moto ushuke. Baada ya dakika 15 hadi 20 sufuria huteremshwa chini na kuachwa ipumue yenyewe. Ikifunguliwa, vipande vinakatika kwa kijiko, na chini kuna supu nyekundu nzito.

Supu hiyo haimwagwi. Inaweza kunywewa na pilipili, au ikapikiwa wali badala ya maji ya dumu. Tui nalo lisubiri: likiwekwa ndani ya presha hukatika. Nazi na bizari huingia mwishoni, sufuria ikiwa wazi, kwa moto mdogo wa dakika chache.

Maharage yaliyorowekwa, ambayo kwenye sufuria ya kawaida huchukua saa mbili, hapa huiva kwa dakika 25 hadi 40 kutegemea aina na ukongwe wake. Nyama ya ng'ombe mzee na makongoro hufuata mkondo huo huo. Kwa nyumba inayokula vitoweo vigumu mara tatu kwa wiki, hakuna kifaa cha bei ya kati kinachokaribia faida hii.

Hata hivyo, sufuria hii inataka adabu. Isijazwe kupita theluthi mbili. Maharage yasipite nusu, kwa sababu huvimba na maganda yake huweza kuziba valvu. Isilazimishwe kufunguka ikiwa bado na mvuke. Na anayekwenda kununua Dar es Salaam au Kilindoni atazame alama ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kisha anunue mpira wa mfuniko wa akiba siku hiyo hiyo. Mpira ndio huchoka kwanza. Sufuria ya maelfu ya shilingi ikikosa mpira hugeuka ndoo ya kuhifadhia unga, na safari ya kuufuata mpira mmoja baharini inaweza kuzidi bei ya mpira wenyewe.

Umeme: soma wati kwanza

Tarehe 8 Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Tangu hapo maneno "kupika kwa umeme" yamekuwa ya kawaida redioni, na majiko ya umeme ya presha yameingia katika mazungumzo ya akina mama hata mahali ambapo nguzo ya umeme ni habari ya kusikia.

Jiko la umeme la presha linastahili sifa zake. Lina uwezo wa wati 1,000 hivi, lakini haliwaki muda wote; likishafika joto linalotakiwa hujizima na kujiwasha, na mwili wake umezuiwa kupoteza joto. Nusu kilo ya maharage huiva kwa umeme usiofika nusu uniti, wakati jiko la umeme la sahani hutafuna uniti nzima na zaidi kwa kazi hiyo hiyo. Kwa viwango vya TANESCO, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi amekuwa akilipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na mteja wa kawaida shilingi 292. Maharage ya nusu uniti, kwa bei yoyote kati ya hizo, hayana mkaa wa kushindana nayo.

Shida ni chanzo cha umeme wenyewe. Kwenye visiwa vidogo bei ya uniti hutegemea nani anauzalisha, na gridi ndogo ya binafsi inaweza kuwa na bei tofauti kabisa na ya TANESCO. Mnunuzi aulize bei ya uniti kabla ya kuuliza bei ya jiko.

Mwenye paneli ya sola juu ya bati ana hesabu nyingine. Paneli ya wati 100 ikipata jua kali la saa tano hutoa kama nusu uniti kwa siku, kabla ya upotevu wa njiani. Kuchemsha lita mbili za maji kwa birika la umeme hula kama sehemu ya tano ya uniti, yaani karibu nusu ya vuno lote la paneli hiyo kwa siku, kwa ajili ya chai tu. Tena birika hilo hutaka wati 1,500 au 2,000 kwa mpigo mmoja, kiasi ambacho betri ndogo na inveta yake haviwezi kukibeba. Paneli ndogo ibaki na kazi zake: taa, simu, redio, na pengine feni. Kuilazimisha kupika ni kuiua betri.

Kuna pia adui asiyeandikwa kwenye boksi, nayo ni hewa ya chumvi. Vifaa vya umeme vinavyokaa karibu na bahari huota kutu kwenye skrubu, swichi na vichwa vya waya. Visipofunikwa na kupanguswa, dhamana ya mwaka mmoja huisha navyo.

Na gesi? Mtungi wa kilo 6 ni safi na wa haraka, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukisambaza mitungi hiyo kwa bei ya ruzuku mikoani. Lakini mtungi ukiisha lazima usafiri kwenda kubadilishwa. Anayeuchukua Jibondo auhesabu pamoja na nauli yake ya kwenda na kurudi, na asitupe jiko banifu.

Kisichoharibika ni akiba pia

Siku za bamvua kitoweo hujaa. Siku za maji mafu huadimika. Wingi wa juma hili ukioza, juma lijalo familia itanunua. Wazee walikuwa na jibu: chumvi na jua, ng'onda na papa mkavu. Jibu hilo bado ni la bei ndogo kuliko friji. Linachohitaji ni usafi. Chanja ya fito iliyoinuliwa kutoka ardhini, na juu yake wavu wa mbu uliochakaa, huzuia nzi na mchanga, na pweza au samaki hukauka pande zote. Ukiweka kisanduku chenye kifuniko cha nailoni angavu na matundu ya hewa juu na chini, umepata kaushio la jua.

Friji ndogo hula nusu uniti hadi uniti nzima au zaidi kwa siku, kila siku, chakula kiwemo kisiwemo. Kwa nyumba moja inayopika cha siku, hailipi. Kwa kikundi kinachouza samaki, juisi au barafu, inaweza kulipa. Deli lenye barafu, kwa siku moja au mbili za mavuno, ni njia ya katikati.

Mzani mdogo wa jikoni nao hutajwa mara chache. Mama anayekaanga maandazi kwa kukadiria unga kwa jicho hutoa makubwa leo na madogo kesho. Makubwa humlia faida, madogo humfukuzia wateja. Mzani humwambia kilo moja imetoa maandazi mangapi, na kwa hiyo kila andazi limemgharimu kiasi gani.

Hesabu ya kurudisha fedha

Bei hubadilika, kwa hiyo chukua mfano huu kisha weka namba zako. Tuseme nyumba inatumia mkaa wa shilingi 1,500 kwa siku. Jiko banifu likipunguza theluthi moja, shilingi 500 hubaki kila siku. Jiko la shilingi 15,000 limejilipa kwa siku 30, na linaweza kudumu mwaka na zaidi likitunzwa. Tuseme tena sufuria ya presha ya shilingi 60,000 inaokoa mkaa wa shilingi 800 kila ikitumika, na inatumika mara tatu kwa wiki. Hiyo ni shilingi 2,400 kwa wiki. Itajilipa baada ya wiki 25. Maji yaliyookolewa hatujayatia humo.

Sasa jaribu blenda ya nyumbani, mashine ya kukaangia kwa hewa ya moto, au birika la umeme kwa mwenye sola ndogo. Kila kimoja kina raha yake, na raha si dhambi. Ila kisiitwe akiba.

Wiki 25 ni nyingi kwa mtu ambaye kipato chake hupanda na kushuka na maji ya bahari. Hapa ndipo mchezo na vikoba vinapofaa. Akina mama kumi wakichanga shilingi 6,000 kila bamvua, kila zamu mmoja hutoka na sufuria ya presha, na wote humaliza ndani ya takriban miezi mitano, kwa kuwa bamvua huja mara mbili kwa mwezi. Wakinunua kwa pamoja wanaweza kudai punguzo, nauli ya mzigo wakaigawana, na mipira ya akiba ikaletwa kwa fungu. Majirani wawili wanaweza pia kushirikiana sufuria moja. Pweza wa dakika 20 hamweki mtu foleni ndefu.

Wenye maduka Kilindoni nao wana nafasi yao: anayeuza sufuria auze na mpira wake, na anayeuza jiko banifu amwonyeshe mnunuzi namna ya kufunga mlango wa hewa. Wanaotekeleza mkakati wa nishati safi wakumbuke kwamba ruzuku inayoishia Kilindoni haijafika Jibondo hadi nauli ya chombo iwe imehesabiwa ndani yake.

Kwa msomaji wa kisiwani, ushauri ni huu. Wiki moja andika mkaa ulionunua, madumu ya maji yaliyoingia jikoni na chakula kilichomwagwa, kisha anza na palipo na hasara kubwa. Mwenye shilingi 20,000 leo achukue jiko banifu na mfuniko unaokaa sawa. Kapu alisuke mwenyewe. Sufuria ya presha aingoje zamu yake ya mchezo, na jiko la umeme alinunue siku atakapojua bei ya uniti inayoingia nyumbani kwake.